Hodhi la Maji ya Moto Mbele ya Nyumba ya Mama

Watu wakinisifu kwa lile hodhi la kuogea nililomjengea mama, huwa nageuza maneno. Naulizia mvua, naulizia mikorosho kama imechanua. Wao wanadhani najishusha, kwamba mwenzao ameishi mbali na amerudi na adabu zake. Si adabu. Ni aibu, na nimekaa nayo miaka minne bila kumsimulia mtu kisa chote.

Mimi ni fundi mwashi, mzaliwa wa vilima vya Umatumbi, ndani huko wilaya ya Kilwa. Ukifika Nangurukuru unaipa bahari mgongo, unapanda. Watu wa pwani hudhani Kilwa nzima ni jasho na feni. Waje kwetu kipupwe, mwezi wa saba, asubuhi mapema. Ukungu unalala mpaka kizingitini, na wazee wanajikunyata jikoni wakigombea moto na paka. Baridi ya kwetu haiui mtu, lakini ikiingia kwenye magoti ya mzee haitoki mpaka jua likae sawasawa.

Baridi yenyewe hasa niliijua Makete, nilikofanya kazi miaka mingi. Huko majani yanaamka meupe na kidole kikigonga tofali unalia. Mwenye nyumba moja ya wageni alitaka hodhi la maji ya moto nje, kwenye majani, la kukalika mwaka mzima, mvua inyeshe isinyeshe. Nilimwona hana akili. Mtu mwenye bafu ndani atoke akaoge nje kwenye baridi ile! Lakini kazi ni kazi. Nikapangwa na seremala mmoja mzee wa hukohuko aliyewahi kujenga mawili kabla ya hapo, akanifundisha bila choyo.

Siri yenyewe ni ndogo. Kando ya hodhi unaweka jiko la chuma lenye tumbo la maji kuzunguka moto wa kuni. Mabomba mawili yanaliunganisha jiko na hodhi, moja chini, moja juu. Maji ya baridi ni mazito, yanaingia kwa bomba la chini. Yakishapata moto yanapanda na kurudi hodhini kwa bomba la juu. Hakuna pampu, hakuna umeme. Yanajizungusha yenyewe mpaka hodhi zima linapata moto. Kuta unazijenga mbili, katikati unashindilia maranda ya mbao ili joto lisikimbie, na juu unaweka mfuniko mzito. Hapo mtu anaweza kuwasha moto saa nne asubuhi na jioni maji bado yanamngoja.

Siku ya majaribio tuliambiwa tuingie sisi mafundi. Nilikaa mle, maji mpaka kifuani, kichwa tu ndicho kilichoona baridi. Mgongo wangu, uliobeba zege tangu ujana, ukalegea kama si wangu. Na jambo la kwanza lililonijia kichwani lilikuwa miguu ya mama. Nasema hivi ili msinione mbaya tangu mwanzo. Mwanzo ulikuwa mzuri.

Mama yangu alikuwa mkandaji. Mwanamke yeyote wa kijijini kwetu na vijiji vya jirani aliyejifungua, aliitwa yeye. Arobaini nzima alikuwa akienda asubuhi na jioni, anachemsha maji na majani yake, anamkanda mzazi tumbo na mgongo, anamfunga vizuri, anaondoka. Aliyoyaona kwenye miili ya watu hakuyasema. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye ni mwosha, na mkandaji naye anazijua za walio hai. Sijawahi kumsikia mama akisema fulani ana kovu hapa, fulani ana alama pale. Wanawake walimpenda kwa mikono yake, lakini walimheshimu kwa mdomo wake.

Kisha kiharusi kikamchukua upande wa kushoto. Mimi niko Makete, natuma salamu, natuma blanketi, natuma visingizio. Aliyebaki naye ni dada yangu mdogo. Yeye ndiye aliyemwinua, akamlisha, akamkanda miguu kwa beseni na kitambaa kila siku. Niliporudi nyumbani moja kwa moja, kazi za huko zimekwisha, nilimkuta mama amekaa upenuni kwenye kiti, kanga imemfunika magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umenenepa. Huko baridi inanenepesha?"

Tulicheka. Halafu nikaona jinsi alivyokuwa akiushika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, kuupeleka anapotaka, na nikashindwa kucheka tena. Miaka yote ile mwana wa kwanza nilikuwa wapi? Nilijua lazima nifanye jambo kubwa, na haraka, na lionekane. Lile "lionekane" sikulisema kwa sauti, lakini lilikuwamo tangu siku hiyo.

Nikawaeleza habari za hodhi. Mama alisikiliza, akauliza kama mtu akikaa humo hazami. Nikamwambia nitaweka kibao cha kukalia na bomba la kushikia. Akasema, "Basi miguu yangu ingeshukuru." Dada akafurahi pia, kwa sababu mgongo wake ulikuwa umechoka kuinamia beseni. Akasema tujenge uani, nyuma ya nyumba, palipo na ua tayari.

"Uani padogo," nikasema. "Moshi utaingia jikoni. Na maji ya kumwaga yatatuama."

"Kaka, mama haoni aibu ya moshi. Anaona aibu ya watu. Haogeshwi na mtu mwingine ila mimi. Hata shangazi akija, anaambiwa asubiri nje mpaka nimalize."

Alinieleza wazi namna hiyo, sina pa kujitetea. Mama hakuwa na mguu, hakuwa na mkono, hakuwa na kazi yake. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebaki chini ya amri yake, nacho ni nani amwone na nani asimwone. Nikamjibu dada kwamba nitazungushia ua mwingine mpya, fito na makuti, hata kuku hatapita. Na nikachagua mbele ya nyumba, upande wa barabara. Nilisema ni kwa sababu ya mteremko, maji yashuke migombani. Mteremko ulikuwepo kweli. Lakini hata uani ulikuwepo.

Nilijenga kwa mwezi na siku kadhaa. Jiko alilichomelea fundi wa Nangurukuru, nikalileta juu ya gari la mchanga. Maranda hatuna, basi katikati ya kuta nikashindilia makumbi ya nazi, nikayafunga kwa nailoni yasilowe yakaoza. Mara ya kwanza nilikosea, nikaweka mabomba yote mawili karibu sawa, maji yakachemka ndani ya jiko na hodhini yakabaki baridi vilevile. Nikabomoa, nikapandisha la juu. Ndani nikapiga plasta ya kukaza, nikamalizia kwa niru ya saruji mpaka ukipitisha kiganja hakikwaruzi popote, maana ngozi ya mzee ni nyepesi. Nikaweka ngazi fupi tatu. Nasema kweli, katika kazi zangu zote, hiyo ndiyo niliyoifanya kwa mkono safi.

Wapita njia nao hawakuacha kusimama.

"Fundi, josho hilo? Ng'ombe wako wapi?"

"Ng'ombe ni wewe, subiri utatumbukizwa."

Wakacheka, wakarudi kesho yake na wenzao. Nikawaeleza habari za Makete, za jiko, za maji yanayopanda yenyewe. Kila siku nikaeleza kwa urefu zaidi. Walianza kuniita injinia. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nililitia pipa zima. Kazi ilikwisha wiki moja kabla ya siku niliyoipanga ya kulizindua, na wiki hiyo ilitosha kabisa kusimamisha ua. Fito zilikuwa zimekatwa. Makuti dada alikuwa ameyasuka kwa mkono wake, yamelazwa nyuma ya nyumba. Sikuyagusa. Nilijua ua ukishasimama, hodhi halitaonekana tena barabarani.

Dada akaniuliza mara mbili. Mara ya kwanza nikasema fito bado mbichi. Mara ya pili nikasema utafungwa baada ya dua.

Kwetu nyumba mpya haihamiwi bila dua. Mnachoma ubani, shehe anasoma, watu wanakula, ndipo mnaingia. Sasa nani alinituma niigeuze hiyo kuwa dua ya hodhi, sijui. Hodhi si nyumba. Shehe mwenyewe, nilipomwendea, alinitazama kidogo akasema dua haina ubaya popote. Nikatangaza. Nikachinja mbuzi. Mama nilimwambia watu wanakuja kumwombea afya, akafurahi, akaomba avalishwe kanga zake mpya.

Wakaja wengi kuliko nilivyotegemea, wanaume wakakaa majamvini chini ya turubai mbele kabisa ya hodhi, wanawake upande wa jikoni. Moto nilikuwa nimeuwasha mapema. Baridi ya siku hiyo ilinisaidia, maana nilipofunua mfuniko mvuke ulipanda ukatanda, na watu wakasema "Aaah!" kwa pamoja. Hiyo sauti! Mpaka leo naikumbuka, na mpaka leo inanichoma, kwa sababu niliipenda mno.

Dua ikasomwa, pilau likaliwa. Shehe akaaga mapema, alikuwa na mgonjwa kijiji cha pili. Laiti angebaki. Watu walikuwa wakinawa mikono pale jirani yetu mmoja, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, aliposema, "Sasa injinia, tumekula, tumeomba. Tuone basi likifanya kazi."

Ningeweza kuingia mwenyewe na kaptula yangu, tukacheka, yakaisha. Ningeweza kumwambia yeye aingie. Wallahi hayo yote nimeyafikiria baadaye. Wakati ule niliona jambo moja tu: kwamba hodhi limejengwa kwa ajili ya mama, na kazi haijakamilika mpaka watu wamwone mama ndani yake na waseme mwana huyu amemtunza mamaye. Nikaingia ndani.

Dada alikuwa amekaa na mama kitandani. Nilipoeleza, alisimama akaziba mlango.

"Ua uko wapi, kaka?"

"Ni dakika chache tu. Ataingia na kanga zake."

"Kanga ikilowa ni nini? Wewe hujui kanga ikilowa ni nini?"

"Wameacha mashamba yao wamekuja kumwombea! Niwaambie nini?"

"Waambie umesahau kujenga ua."

Nikampigia kelele. Nilimwambia yeye amezoea kumfungia mama ndani kama mgonjwa asiyepona. Nilimwambia hayo yeye, aliyemwinua mama kila siku ya Mungu wakati mimi niko mbali. Nje watu walisikia, maana nilisikia mazungumzo yamekatika.

Mama ndiye aliyemaliza. Hakunitazama mimi, alimtazama binti yake. "Mwache," akasema. "Nje kuna watu. Usimwaibishe kaka yako."

Akaomba kanga mbili nzito na kitambaa cha kichwa. Dada akamfunga huku machozi yanamtoka. Kisha nikainama, nikambeba. Alikuwa mwepesi mno. Mlangoni, jua lilipompiga usoni, alifumba macho, na hakuyafumbua tena.

Nikapita naye mbele ya majamvi. Wanaume wengine, Mungu awabariki, waliinamisha vichwa. Wengine hawakuinamisha. Nikapanda ngazi zangu tatu, nikamshusha kwenye kibao. Maji yalimfika kifuani, na kanga zikafanya kama dada alivyosema: kwanza zikaelea, zikafunuka, halafu zikamganda. Nilijaribu kuivuta moja chini kwa mkono, na kwa kuvuta nikaifungua nyingine. Mguu wake ule mwembamba ukaonekana mpaka pajani, mchana kweupe, mbele ya watu ambao wake zao aliwakanda na hakuwahi kutoa neno. Jirani mwingine alikuwa ameinua simu. Mtu akasema, "Mashallah, injinia!" na wawili watatu wakapiga makofi.

Niliganda. Mikono imelowa, sijui niiweke wapi. Mama amefumba macho, midomo inacheza bila sauti.

Aliyenusuru ni mwanamke mmoja wa makamo aliyetoka mbio upande wa jikoni. Alijivua kanga yake ya juu, akaitandaza kwa mikono miwili mbele ya hodhi. Wa pili akaja, akashika ncha, akatandaza yake. Wa tatu. Wa nne. Wakaja mpaka hodhi lote likazungukwa na kanga, ukuta wa nguo, nao wametazama nje, wamempa mama migongo. Wote, bila kukosa hata mmoja, walikuwa wazazi waliowahi kukandwa na mama. Yule wa kwanza alinigeukia, mimi niliyekuwa bado nimesimama ngazini ndani ya duara lile.

"Toka," akasema.

Nikatoka. Dada akapita chini ya kanga, akaingia. Nikasimama na wanaume, ambao sasa walikuwa wakitafuta viatu vyao. Yule mwenye simu nilimfuata, nikamwambia afute, akafuta mbele ya macho yangu bila ubishi. Lakini niliona uso wake: alikuwa ananihurumia. Kutoka ndani ya kanga nilisikia maji yakimwagwa taratibu kwa kata, na sauti ya mama, ya kawaida kabisa, ikimwambia mtu, "Maji mazuri haya. Kwenye goti hapo, hapohapo."

Hawakumtoa mpaka wanaume wote walipoondoka. Na jioni ileile wanawake walewale na dada walisimamisha ua. Niliposhika fito nisaidie, dada aliichukua mkononi mwangu, akaenda kuichimbia mwenyewe. Makuti yakafungwa kabla ya jua kuzama. Kazi niliyoikwepa wiki nzima, iliwachukua saa tatu.

Sasa niseme na hili, kwa sababu ndilo linalofanya watu wanisifu: hodhi lilimfaa. Mama aliingia humo karibu kila siku, kipupwe na masika, mvua ikinyesha anawekewa mwavuli. Dada anamkalisha, anamkanda chini ya maji, miguu inanyooka. Mwaka wa pili aliweza kusimama akishika bomba. Siku hizi anatembea kutoka kitandani mpaka upenuni kwa fimbo. Wanawake waliojifungua huletwa pale, na mama hukaa pembeni anaelekeza wapi pakandwe. Mimi nakata kuni, nasafisha dohani, nazibua bomba likiziba. Naingia ndani ya ua saa ambazo hakuna mtu.

Msamaha niliomba. Niliingojea siku ya tatu, nikapiga magoti kando ya kiti chake. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, akanikatiza kwenye la kwanza.

"Nimekusamehe, baba. Ulitaka watu waone."

Akaniwekea mkono wake mzima kichwani, akaniombea dua, akaniuliza kama nimekula. Sina shaka kwamba alinisamehe. Mama hasemi asichomaanisha, na hajalitaja jambo lile tena, si kwangu, si kwa jirani, si kwa ndugu. Amelinyamazia kama alivyonyamazia kila alichokiona katika miili ya watu.

Lakini mwana wa kiume si mtu wa kando kwa mama yake. Dini yenyewe haimtaki ajifunike mbele yangu, na tangu nipate akili nilizoea kumkuta kichwa wazi, nywele zimefumuliwa, akinituma nimletee kitana. Sasa nikifika mlangoni nabisha, nasikia dada akimwambia, "Ni kaka."

"Najua," mama anajibu. "Nipe kanga."

Nami nasimama nje, nasubiri ajifunike.